Kwa Mtani Wangu Aliyeniita Mama

Mtani wangu, mtumwa wangu uliyetoroka,

Usidhani nakuandikia kwa sababu nimekukumbuka. Nimechoka, basi, na mtu akichoka huwafikiria wale waliomchosha. Leo timu yetu ya chuo imefungwa tena. Nimerudi Kihesa na birika zito vilevile nilivyolibeba mchana, maana watu wakifungwa hawanywi chai, wanakwenda moja kwa moja kwenye pombe ya ulanzi. Nimetia miguu kwenye maji ya moto nikasema, ngoja nimwandikie yule Mngoni, yeye ndiye aliyeniingiza katika balaa hili la mpira.

Barua hii siifungi kwa gundi. Nitampa dereva wa lori la Mbeya, na anayetaka kuisoma njiani na aisome. Waliokusema walikusema hadharani, kwa hiyo na haya nayo yawe hadharani. Nina swali moja tu la kukuuliza, na nitalizunguka kwanza kwa sababu ndivyo nilivyo. Nataka kujua kama mimi bado ni mtani wako au utani wetu ulikufa siku ile pale stendi.

Lakini kwanza mpira. Unataka kujua waliotufunga ni akina nani? Watu wa Ilula. Tangu lini Ilula kuna timu? Wametoka shambani na matope magotini, jezi hawana, nusu yao wamevaa mashati ya kanisani waliyoyageuza ndani nje. Wametufunga matatu, na la tatu limeingia Fransisi wetu golini bado anafanya ishara ya msalaba. Unamjua. Mpira ukimjia anaanza na Baba, anakwenda kwa Mwana, na akifika kwa Roho Mtakatifu mpira umeshalala nyuma yake. Wewe ulimwambia asali mapema amalize, na alikuwa ameanza kusikia. Huyu mwalimu mpya anadhani kijana ana macho mabovu, amempeleka kwa mganga wa hospitali akapimwe.

Mwalimu mpya si mtu mbaya. Ana viatu visafi na saa ya mkononi, na tukifungwa anaitazama saa. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa, hana pa kushika.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi nilikuwa nawauzia chai mafundi waliokuwa wanajenga bweni la chuo, pale chini ya uwanja. Mpira sikuujua. Niliona vijana wazima wanakimbiza ngozi ya ng'ombe iliyojazwa upepo, nikasema hawa wangekuwa wanangu ningewatuma maji. Ukaja wewe, mwalimu mgeni, na kofia yako ya kaki na filimbi shingoni, ukaomba chai. Nikakuuliza kwenu wapi. Ukasema Songea. Nikauliza, Mngoni? Ukasema, Mngoni. Sikungoja chai ichemke. Nilikuvua kofia palepale nikaikalia.

"Babu yako alimkimbia babu yangu akaacha ngao," nilikuambia. "Kofia hii ni ya kuanzia."

Hukushtuka hata kidogo. Uliwatazama wale mafundi, ukanitazama mimi, ukasema taratibu kama mtu anayesoma tangazo, "Nilikuwa najiuliza mbona mbwa wa mji huu hawalali nje. Kumbe wana jirani Mhehe." Mafundi walicheka mpaka mmoja akaliachia tofali. Kofia uliikomboa kwa kunichotea maji ndoo nzima, mwalimu mzima na filimbi shingoni, wanafunzi wako wanakutazama. Nilipenda ulivyokwenda kuchota bila kujitetea. Nilijua nimepata mtani wa kweli, maana mwingine unamvua kofia anaenda kushitaki.

Na mwaka ule mume wangu alipofariki ndipo nilipokujua vizuri. Nyumba ilijaa watu, ndugu zangu wote walikuja, kila aliyeingia analia nami naanza upya. Tumbo lilikuwa halijaona chakula tangu juzi. Wakati wa kutoa jeneza ukalala mlangoni kwa urefu wako wote, ukasema Mhehe huyu hatoki mpaka Wahehe wenzake waniombe. Padri alitaka kukasirika, wazee wakamshika mkono. Halafu ukavaa koti la marehemu. Ukatembea uani kama alivyokuwa akitembea akirudi kutoka kilabuni, hatua mbili mbele, moja pembeni, anazungumza na kiatu chake. Ulimpata mpaka kikohozi. Nilicheka, mtani. Nilicheka na machozi yanatoka na sikujua yapi ni ya kicheko na yapi ni ya kilio. Ndugu zangu walikuwa wamenishika wakidhani nazimia. Kisha nikaomba uji.

Ndugu hulia na wewe, lakini mtani ndiye anayekurudisha. Mtu asiye na mtani hawezi kulijua jambo hili, na simlaumu. Tangu siku ile nilikuwa uwanjani kila Jumamosi, mafundi wapo hawapo, na nilijifunza kona na penalti na kuotea kwa ajili ya kukutukana sawasawa. Huwezi kumtukana mtu kazi yake kama huijui.

Ulikuwa na timu mbovu, hilo sikufichi. Beki wako wa kulia alikuwa akimwangusha mtu anamwomba samahani, anamwinua, anamfuta vumbi, na timu ya yule aliyeangushwa imeshakwenda na mpira. Winga alikuwa na mbio kuliko akili, akifika mwisho wa uwanja anashangaa mstari. Na mjini kila mtu alikuwa mwalimu wa mpira isipokuwa wewe. Kinyozi alikuwa na timu yake, wapagazi wa sokoni walikuwa na yao, wazee baada ya swala ya Ijumaa walikuwa wanapanga mabeki. Mkubwa wao ni Juma fundi baiskeli, yule ambaye babu yake alikuja na misafara ya pwani na mpaka leo anatuita sisi watu wa bara, wakati yeye mwenyewe bahari hajaiona. Juma alikuwa akisema, "Hii timu haina mwalimu wa mpira. Ina bwana shamba."

Alisema hivyo kwa sababu ya jembe. Kila mwanafunzi wa chuo alikuwa na matuta yake nyuma ya jiko, mahindi na maharage waliyokuwa wanakula wenyewe. Wewe ukaweka sheria kwamba ambaye hajalima matuta yake ya wiki hiyo hachezi Jumamosi. Awe nani, hachezi. Ijumaa jioni ulikuwa unapita shambani na mikono nyuma kama mwenye shamba, na timu ya kesho ilikuwa inapatikana hapo. Mji mzima ukawa unatuma watoto Ijumaa wakachungulie nani yuko na jembe na nani hayupo.

Na Ambakisye hakuwa na jembe. Yule kijana wa Tukuyu mwenye mguu wa kushoto, mguu ambao akiutumia hata refa alikuwa anasahau kupuliza. Kwa nini Mnyakyusa, mtu aliyezaliwa kwenye migomba, hataki kulima? Nilimuuliza mwenyewe akinywa chai. Akaniambia, "Mama, kulima najua tangu utotoni. Nimekuja huku kujifunza nisichokijua." Watu walilipenda jibu hilo, likazunguka soko lote. Wewe ulipolisikia ulimwambia, "Sikukuuliza kama unajua kulima. Nimekuuliza kama umelima." Hilo nalo lilizunguka, ila halikupendwa.

Mimi nilikuwa upande wa Ambakisye. Hukuwahi kuwa na shaka kuhusu hilo kwa sababu nilikuambia kila wiki. Nilikuambia mtoto acheze Jumamosi, Jumatatu mpe mara mbili. Ukanijibu, "Mla mbwa anaanza na mguu mmoja, anasema nimeonja tu." Nikakuita mla panya mwenye kichwa cha kinu. Kisha ukasema bila mzaha, "Wale wanaolima wana mikono yenye malengelenge. Wakimwona asiyelima anacheza, niwaambie nini?" Nilikuongezea sukari, na bado sikukubaliana na wewe.

Hatimaye ikaja ile mechi na Mbeya. Baridi ya mwezi wa sita, ukungu haujaondoka mpaka mchana, na watu walijaa hata juu ya paa la jiko. Mbeya walishuka kwenye lori wakiimba. Sisi Ambakisye wetu alikuwa amekaa pembeni kwenye jiwe, amejifunika blanketi la bweni. Bao la kwanza, la pili. La tatu beki wako aliomba samahani. Juma alikuwa amesimama nyuma ya kibanda changu cha chai anarudia neno moja tu, "Blanketi. Mguu ule umefunikwa blanketi." Mapumziko yakaja, ukawa unazungumza na vijana, watu wanakungoja umwambie Ambakisye avue blanketi. Hukumwambia. Bao la nne likaingia kipindi cha pili hakijachangamka.

Nikasimama. Ulikuwa ni wakati wangu, kila mechi nilikuwa nasimama tukifungwa vibaya, na ulikuwa unangoja. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Mngoni, rudi kwenu Songea ukafundishe panya, wao wanajua kuchimba." Ukageuka. Niliona ule mdomo wako umeshaanza kwenda upande mmoja, jibu liko njiani.

Halikufika. Mtu mmoja nyuma yangu akadakia, "Rudi kwenu." Wa pili akadakia. Wakacheka, wakapiga makofi, ikawa wimbo. Rudi kwenu, rudi kwenu. Wabena wakaimba, watu wa pwani wakaimba, wanafunzi wako uliowafundisha hesabu wakaimba wakiwa wamefunika midomo. Hata wa Mbeya wakaimba, na hawakujua ni wa nini. Niliwageukia. Nikasema nyamazeni, huyu si mtani wenu. Nikamshika Juma shati.

"Mama, si umeanza wewe?" akaniambia.

"Mimi nina haki. Babu yangu alipigana na babu yake. Babu yako alikuwa anauza vitambaa."

Alicheka, akaendelea kuimba. Hakuelewa, na nafikiri hata leo haelewi. Kwangu lile lilikuwa tusi la nyumbani, kama chungu kinachopikia kila siku. Wao walichukua chungu changu wakaenda kumpigia mtu kichwani. Sitajilaumu kwa hilo, mtani, nimelifikiria sana na sitajilaumu. Nilisema niliyopaswa kusema mahali pangu. Mtu akiiba panga lako, shauri lake. Lakini nilikuona. Ulikuwa umesimama kwenye mstari, mdomo umerudi katikati, unatazama watu kama mtu aliyeingia nyumba ambayo si yake. Kwa mara ya kwanza ulisikia kwamba hapa si kwenu. Mchezo ulipokwisha ulikusanya mipira peke yako na ukapita mbali na kibanda changu.

Jumatatu nilivaa kanga zangu za kanisani nikaenda kwa mkuu wa chuo, maana mji ulikuwa umeshaanza kusema utahamishwa. Wewe hukujua, au labda uliambiwa vibaya, kwa hiyo nakuambia mimi. Naye, Padri, alinipa kiti. Kiswahili chake ni kizuri, kizuri kuliko changu, ila ni cha kitabuni, kina madirisha lakini hakina mlango wa nyuma. Nikamweleza utani ni nini. Nikamwambia maneno yale mimi kuyasema ni heshima, wengine kuyasema ni matusi. Alisikiliza vizuri kabisa.

"Mama," akasema, "ukimpenda mtu unamwambia arudi kwao?"

"Ndiyo, Padri. Yule ambaye sitaki aondoke ndiye ninayemwambia."

Akaandika kitu, akakifuta. Kisha akaniuliza swali jingine. "Haya, tuache utani. Je, alifanya vema kumweka nje yule kijana wa Tukuyu?"

Mtani, sikuwahi kuulizwa maoni yangu kwa dhati na mtu mwenye meza. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini uwongo wangu wote huwa naupeleka uwanjani, hapo mezani sikuwa nao. Nikasema hapana, Padri, alikosea. Alikosea kwenye mpira, na mtu hahamishwi kwa kukosea kwenye mpira, maana mji huu wote tungehamishwa. Ningesema hivyohivyo leo. Akanishukuru, akanisindikiza mpaka mlangoni, na nikajua kwa ule upole wake kwamba barua ya uhamisho ilikuwa imeshakwenda.

Sasa nifike stendi, maana ndiko nilikokuwa nakukwepa.

Asubuhi ile lori la Mbeya lilikuwa limeshajaa magunia. Mji ulijua. Watu walikuja, wengine kwa aibu, wengine kwa udaku, Juma alikuja na baiskeli ya mtu ili aonekane ana kazi. Nami nilikuja na maandazi yako kwenye kitambaa. Nilijua la kufanya. Ulipopandisha begi lako mimi nililishusha. Nikalikalia, kama desturi inavyotaka. Nikasema mtumwa hasafiri bila ruhusa ya mwenye mtumwa, na Mngoni huyu haondoki mpaka alie kama babu yake alivyolia mtoni. Watu wakasogea wakingoja. Hata dereva alizima injini, naye alitaka kusikia. Nilikuwa nimekufungulia mlango, mtani. Neno moja tu na wote wangeona kwamba lile la uwanjani halikutugusa sisi wawili.

Ukanisogelea. Ukavua kofia. Ukasema, "Asante sana kwa yote, mama. Naomba mzigo wangu."

Mama. Wanafunzi wananiita mama, Juma ananiita mama, yule Padri ananiita mama, na ni sawa, mimi ni mama. Wewe hukuwahi. Ulinipa heshima mbele za watu, na sikujua niiweke wapi. Nikainuka. Nikakupa begi na maandazi, nawe ukaniambia safari njema ingawa msafiri ulikuwa wewe. Lori likaondoka kuelekea Sao Hill, na Juma akasema, "Ameaga kistaarabu."

Tangu hapo ni misimu miwili. Nitakueleza habari za timu kwa kuwa najua unazitaka hata kama huulizi. Sheria ya jembe ilifutwa wiki ileile. Ambakisye alicheza, akafunga, mji ukalewa. Wiki ya pili akafunga tena. Kisha vijana wakaona kwamba jembe halina kazi, wakaliacha. Matuta sasa yana magugu mpaka kiunoni na chuo kinanunua mahindi sokoni. Uwanjani wanacheza vizuri mpaka mapumziko, halafu wanashika viuno. Leo Ilula walikuwa wanawapita kama watu wanaokwenda kuwahi mvua. Nilitazama yale matope magotini kwao nikakunja mdomo wangu. Bado nasema Ambakisye alipaswa kucheza na Mbeya, usije ukadhani nimehama. Lakini nilikunja mdomo.

Na unajua Juma amesema nini leo? Amesimama palepale nyuma ya kibanda, amesema, "Vijana hawa wamekosa mtu wa kuwapa jembe." Kinyozi akaitikia. Wote sasa wanakutaka. Wanasema mwalimu Mngoni alikuwa na msimamo, mwalimu Mngoni asingekubali haya. Nilimtazama Juma nikaona sina nguvu hata ya kumtukana, na Juma si mtani wangu, ingebidi nimtukane kwa hasira ya kweli. Wananiambia, mama, mbona siku hizi husimami, simama uwachekeshe watu. Nisimame nimwambie nani? Kuna Mngoni mwingine amekuja, karani wa mahakama, mtu mzuri, amenifuata mwenyewe ameniita mtumwa wake. Nilimjibu, nikamvua miwani, tukacheka. Nikarudi nyumbani nikalala mchana. Sina hamu ya kuanza na mtu mwingine tangu mwanzo.

Goti langu la kushoto limeanza kugoma. Kifua nacho kwenye baridi kinaniletea maneno. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia kwa sababu mtu wa umri wangu huanza kuhesabu watakaokuja siku yake. Wanangu watakuja, watalia. Wanakwaya watakuja. Na nani atavaa kanga yangu atembee uani akinadi chai kwa sauti yangu mbovu? Nani atalala mlangoni? Karani atafanya, ni desturi, atafanya kwa adabu. Hajawahi kuniona nikisimama uwanjani. Ataigiza mwanamke asiyemjua, na wanangu watacheka kidogo kwa kumstahi, halafu uji utapoa.

Basi nisikie. Baada ya mavuno timu ya Mbeya inakuja Iringa na wewe ndiye mwalimu wao. Juma na wenzake wameanza kuandaa mapokezi. Kuna hotuba, na Mkuu wa chuo atakupa mkono. Wanataka kukuomba radhi, na watakuomba kwa maneno mazuri sana. Pokea, walikukosea kweli. Mimi simo katika hiyo hotuba. Wewe ndiye uliyenikosea. Mtani haruhusiwi kukasirika, na akikasirika hutozwa kuku, hiyo ni sheria ya zamani kuliko ya jembe. Nataka jogoo, na asiwe wa kukonda.

Utakaposhuka kwenye lori nitakuwa mbele, kabla ya hotuba. Nitakutukana. Sikuambii tusi lipi, bado nalitafuta, lile la zamani walishalichafua. Watu watashtuka. Watanivuta kanga, Juma atasema mama, leo si siku ya hayo. Mimi sitamsikia, nitakuwa naangalia mdomo wako tu. Ukinijibu, hata kwa neno moja la ovyo, nitajua nina mtu wa kunizika.

Na ukiniita mama tena, sitakusumbua. Nitakuuliza habari za safari. Nitakusalimia kamwene, Mwalimu, karibu Iringa, nikupe kiti kilichofutwa vumbi, na chai yako nitaimimina kwenye kikombe kizuri, kile cha wageni.

Dereva anapiga honi. Lala salama huko kwenye baridi yenu.

Ni mimi,
mtani wako, mpaka utakaposema vingine.